Panya Anaweza Kujibu Lipi Kuhusu Usonji?

Februari 2014 jarida la Science lilichapisha utafiti kutoka Ufaransa ulioamsha matumaini ya wazazi wengi. Kundi la Yehezkel Ben-Ari wa Marseille lilikuwa limewapa panya wajawazito bumetanidi, dawa ya zamani ya kupunguza maji mwilini, muda mfupi kabla ya kuzaa. Watoto wao, ambao kwa kawaida wangeonyesha tabia zinazofananishwa na usonji, walikua bila tabia hizo. Majaribio madogo kwa watoto wa binadamu nayo yalikuwa yametoa dalili njema, hivyo yakaandaliwa majaribio mawili makubwa yenye jumla ya watoto 422 wa umri wa miaka 2 hadi 17. Mwaka 2021 yalisitishwa. Watoto waliopewa bumetanidi hawakupata nafuu kuliko wenzao waliopewa dawa tupu ya kulinganishia.

Kisa hicho kina ndugu zake wengi. Kwa miaka mingi sasa, dawa baada ya dawa imefanya vizuri kwa panya kisha ikakwama kwa binadamu. Wapo wanaosema basi panya waachwe, kwa kuwa usonji ni jambo la binadamu. Wapo wanaosema tatizo liko kwenye majaribio ya hospitali, si kwenye panya. Uchambuzi huu unashika msimamo wa tatu: panya ni shahidi mzuri akiulizwa kuhusu kazi ya jeni, protini na seli za ubongo, lakini ni shahidi dhaifu akiulizwa kuhusu maisha ya mtoto. Hasara kubwa imetokana na kuchanganya maswali hayo mawili.

Kwa nini panya

Leo Kanner alipoeleza watoto 11 mwaka 1943, akiwa daktari huko Baltimore, Marekani, alichokuwa nacho ni tabia tu: mtoto asiyegeuka akiitwa, anayerudia maneno aliyoyasikia, anayetaka kila kitu kibaki kama kilivyokuwa jana. Hadi leo hali iko hivyo. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha usonji. Mwongozo wa Marekani wa utambuzi wa magonjwa ya akili, toleo la mwaka 2013, unaojulikana kwa kifupi kama DSM-5, unausimamisha juu ya nguzo mbili: ugumu katika mawasiliano na mahusiano ya kijamii, na tabia au mapendeleo finyu yanayojirudia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja katika kila 127 duniani alikuwa na usonji.

Kwa upande mwingine, tafiti za mapacha zimeonyesha kwa muda mrefu kwamba urithi una mchango mkubwa, na mwaka 2020 utafiti uliopima jeni za watu zaidi ya 35,000 ulitaja jeni 102 zinazohusishwa na hali hii. Jina la jeni peke yake halituambii inafanya nini. Ubongo wa mtoto aliye hai haufunguliwi ili tuone, na hapo ndipo panya anapoingia. Mimba yake huchukua wiki tatu tu, anazaa watoto wengi kwa mkupuo, na sehemu kubwa ya jeni zake ina wenza katika jeni zetu. Mtafiti anaweza kuharibu jeni moja, kuizima katika sehemu moja tu ya ubongo, kisha kuiwasha tena panya akishakua. Hakuna njia nyingine inayoruhusu hayo yote katika mnyama anayenyonyesha.

Mnyama wa namna hii, aitwaye kielelezo, hupimwa kwa vigezo vitatu vilivyopangwa na mwanasaikolojia Paul Willner mwaka 1984, wakati huo akizungumzia sonona. Cha kwanza ni sura: je, anachofanya mnyama kinafanana na dalili za mgonjwa? Cha pili ni chanzo: je, kilichomfikisha hapo ndicho kinachomfikisha binadamu? Cha tatu ni utabiri: je, dawa inayomsaidia yeye itamsaidia na mtu? Karibu kila mvutano katika uwanja huu unatokana na mtu kufaulu kigezo kimoja na kudai amefaulu vyote vitatu.

Ndani ya sanduku la vyumba vitatu

Kipimo cha mahusiano ya kijamii kinachotumika zaidi kilichapishwa mwaka 2004 na kundi la watafiti wa Marekani, akiwamo Jacqueline Crawley. Sanduku lake ni la plastiki angavu, lina vyumba vitatu vilivyopangwa kwa mstari na milango midogo kati yake. Panya anayepimwa huachwa kwanza dakika 10 azoee mazingira. Kisha katika chumba cha pembeni huwekwa panya mgeni, amefunikwa kwa kikombe cha waya. Aghalabu ni kile cha kuwekea kalamu mezani, kimepinduliwa. Chumba cha upande wa pili huwekwa kikombe kama hicho, kitupu. Dakika 10 nyingine huhesabiwa. Panya wa kawaida hukaa zaidi upande wa mgeni, akinusa kupitia nyaya. Asiyeonyesha upendeleo huo huandikwa kuwa na upungufu wa kijamii.

Urahisi wa kipimo ndio uliokipa umaarufu: hakihitaji mafunzo marefu na kompyuta inaweza kuhesabu yenyewe. Lakini tazama kinachopimwa hasa. Mgeni amefungiwa, hawezi kujibu, kukimbia wala kukaribia; uhusiano ni wa upande mmoja. Panya hutambuana kwa pua kuliko kwa macho, kwa hiyo mwenye pua mbovu atafeli sawasawa na asiyependa wenzake. Ndiyo maana maabara makini humpima kwanza kama anaweza kutafuta chakula kilichofukiwa. Mwenye woga naye anaweza kujibanza katika chumba cha kati na akahesabiwa kuwa hajali wenzake. Zaidi ya hayo, panya ni mnyama wa usiku, na maabara nyingi humpima mchana, saa ambazo angekuwa amelala.

Nguzo ya pili, ile ya kujirudia, hupimwa kwa njia mbili kuu. Moja ni kuhesabu muda ambao panya hutumia kujiramba na kujisafisha manyoya. Nyingine ni gololi: 20 hupangwa juu ya maranda, panya huachwa nazo nusu saa, kisha huhesabiwa alizofukia. Anayefukia nyingi husemwa ana tabia ya kujirudia. Watafiti waliochunguza jambo hili kwa karibu wameonyesha kwamba panya huchimba maranda hata pasipo na gololi, na gololi hufukiwa kwa sababu tu zipo njiani. Kuchimba ni hulka ya mnyama anayeishi shimoni. Kuifananisha hulka hiyo na mtu anayelazimika kupanga vitu kwa mstari kunahitaji ushahidi zaidi.

Upande wa mawasiliano, kuna sauti. Kitoto cha panya kikitengwa na mama yake hulia kwa sauti nyembamba iliyo juu ya uwezo wa sikio letu, ambalo hukomea kilohezi 20 hivi. Mama husikia, hukifuata na kukibeba kwa mdomo hadi kiotani. Katika vielelezo vingi vya usonji vitoto hulia kidogo kuliko kawaida, katika vingine hulia zaidi, na matokeo yote mawili yamewahi kuitwa dalili. Isitoshe, kilio hicho huongezeka kadiri kitoto kinavyopoa mwili, na kumekuwa na mjadala wa muda mrefu iwapo ni wito au ni tokeo tu la mwili unaopambana na baridi.

Hayo hayabatilishi vipimo. Yanatufundisha tu kwamba kila namba inayotoka kwenye sanduku ina maelezo zaidi ya moja, na mtafiti asiyeyafuta maelezo mengine hana haki ya kutumia neno usonji.

Njia tatu za kumpata panya

Njia ya kwanza ni kuchagua nasaba iliyopo. Panya wa nasaba ya BTBR walikuwapo maabara kwa miaka mingi kwa shughuli nyingine. Walipopimwa pamoja na nasaba nyingine, ikaonekana hawaelekei kwa wageni na hujiramba mno, wakawa maarufu ghafla. Tatizo ni kwamba hawana lile daraja nene la neva linalounganisha nusu mbili za ubongo, na hakuna jeni ya usonji wa binadamu inayoelezea tabia zao. Wamefaulu kigezo cha sura, lakini cha chanzo kimebaki hewani.

Njia ya pili ni mazingira ya mimba, na hapa historia ina funzo. Mwaka 1994 watafiti wa Sweden walichunguza watu wapatao 100 walioathiriwa na dawa ya thalidomidi tumboni, wakakuta wenye usonji miongoni mwa wale ambao mama zao waliitumia kati ya siku ya 20 na ya 24 ya mimba. Patricia Rodier wa Marekani akaufuata uzi huo: mwaka 1996 alionyesha kwamba panya wajawazito waliopewa valproeti, dawa ya kifafa, wakati ubongo wa kiinitete unaanza kujiunda, huzaa watoto wenye upungufu wa seli katika shina la ubongo. Baadaye rekodi za kitaifa za Denmark, zenye watoto 655,615 waliozaliwa kati ya 1996 na 2006, zilitoa jibu kwa binadamu: uwezekano wa usonji ulikuwa asilimia 4.42 kwa waliokumbana na valproeti tumboni, dhidi ya 1.53 kwa watoto wote kwa ujumla. Dalili ilianza kwa watu, ikapita kwa panya, ikarudi kwa watu. Hata hivyo dozi za maabara huwa kubwa mno zikilinganishwa na za hospitali kwa uzito wa mwili, na aghalabu hutolewa siku moja tu, wakati mama mwenye kifafa hunywa kidonge kila siku.

Katika njia hiyo hiyo yamo maambukizi. Paul Patterson wa Caltech alionyesha kwamba kuamsha kinga ya panya mjamzito, hata bila kirusi chenyewe, huathiri tabia ya watoto. Mwaka 2016 kundi la Gloria Choi na Jun Huh lilitaja kiungo kimojawapo, kemikali ya kinga iitwayo IL-17a. Kisha, mwaka 2017, ikabainika kitu ambacho kingeweza kupita bila kuonekana: athari hizo zilitokea kwa panya walionunuliwa kwa mfugaji mmoja na hazikutokea kwa wa mfugaji mwingine, kwa sababu wa kwanza walikuwa na aina fulani ya bakteria utumboni na wa pili hawakuwa nayo.

Njia ya tatu, inayotawala leo, ni jeni. Mtafiti huchukua badiliko lililokutwa kwa mtu mwenye usonji na kuliweka kwa panya. Hapa kigezo cha chanzo kinatimizwa vizuri kuliko kwingine kote. Kinachobaki na utata ni sura.

Panya wale wale, majibu tofauti

Mwaka 2003 kundi la Thomas Bourgeron wa Institut Pasteur, Paris, liliripoti ndugu wawili wa Sweden, mmoja ana usonji na mwingine ana sindromu ya Asperger (aina ya usonji), wenye badiliko moja katika jeni ya neuroligini-3, protini inayosaidia seli mbili za neva kushikana kwenye sinapsi, mahali zinapopashana ishara. Mwaka 2007 kundi la Thomas Südhof, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2013 kwa kazi nyingine, lilimtengeneza panya mwenye badiliko hilo. Lilikuta ishara za kuzuia zimeongezeka katika ubongo wake, mahusiano yamedhoofika, na uwezo wa kukumbuka mahali umepanda juu ya kawaida. Ilionekana kama picha kamili. Mwaka uliofuata kundi la Crawley liliwapima panya wenye badiliko hilo hilo, na kwa sehemu kubwa halikuona tofauti za maana.

Nani alikosea? Pengine hakuna. Kazi zilizofuata zilionyesha kwamba nasaba ambayo jeni imepandikizwa ndani yake hubadili matokeo. Onyo lilikwisha kutolewa mapema: mwaka 1999 John Crabbe na wenzake walichukua nasaba zilezile za panya, wakazipima kwa vipimo vilevile, kwa siku na saa zinazolingana, katika maabara tatu za Albany, Edmonton na Portland. Baadhi ya tabia bado zilitofautiana kutoka maabara moja hadi nyingine. Mwaka 2014 kundi la Jeffrey Mogil wa Canada liliongeza kwamba harufu ya mtafiti mwanamume, au hata ya fulana aliyoivaa, huwatia panya msongo kiasi cha kubadili jinsi wanavyoonyesha maumivu. Ikiwa fulana inaweza kufanya hivyo, matokeo ya maabara moja, kwa panya kumi na kitu, hayawezi kubeba uzito wa tangazo la tiba.

Kuna pia swali la jinsia. Usonji hutambuliwa kwa wavulana mara tatu hadi nne zaidi ya wasichana, na maabara nyingi kwa muda mrefu zilitumia madume pekee. Kwa hiyo lile ambalo lingeweza kutuambia kwa nini wasichana ni wachache, yaani ulinganisho wa majike na madume, halikufanywa.

Pale panya alipojibu vizuri

Mfano bora ni sindromu ya Rett. Zamani iliwekwa kundi moja na usonji, DSM-5 imeitoa. Msichana hukua vizuri mwaka wa kwanza hivi, kisha hupoteza maneno na matumizi ya mikono. Mwaka 1999 maabara ya Huda Zoghbi huko Houston iliitaja jeni inayohusika, MECP2. Mwaka 2007 kundi la Adrian Bird wa Edinburgh lilitengeneza panya ambao jeni hiyo ilikuwa imezimwa lakini inaweza kuwashwa tena. Panya waliachwa waugue: wakitetemeka, wakipumua kwa shida, wengine karibu kufa. Jeni ilipowashwa, wengi walirudi katika hali inayokaribia uzima. Wachache walitarajia kwamba ubongo uliokwisha kukua ungeweza kurejea kiasi hicho, na imani kwamba seli za neva zimekufa moja kwa moja ikavunjika.

Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha trofinetidi, dawa ya kwanza kwa Rett, iliyotokana na fikra zilizojaribiwa pia kwa panya wa namna hiyo. Si tiba kamili, na kuhara ni kero yake kubwa. Mwaka huo huo majaribio ya kupandikiza jeni yalianza kwa binadamu.

Mfano wa pili ni SHANK3, jeni inayokosekana katika sindromu ya Phelan-McDermid. Mwaka 2011 kundi la Guoping Feng lilieleza panya wasio na jeni hiyo waliokuwa wakijiramba hadi wakapata vidonda usoni na shingoni, na likaonyesha hitilafu katika sinapsi za sehemu ya ndani ya ubongo inayoratibu mazoea. Mwaka 2016 kundi hilo liliwasha jeni kwa panya wakubwa. Kujiramba kulipungua na kukaribia wenzao kukaongezeka, lakini woga na udhaifu wa kuratibu viungo vilibaki. Ilipowashwa wangali wachanga, mengi zaidi yalirekebika. Hayo ni maarifa ambayo hakuna hospitali ingeweza kuyapata: baadhi ya milango hubaki wazi ukubwani, mingine hufungwa mapema.

Kinachofanana katika mifano hii ni kwamba jeni ni moja na inajulikana, na kilichopimwa ni kitu kinachoonekana bila kubishaniwa: pumzi, mtetemo, jeraha, sinapsi. Mtafiti hakulazimika kudai kwamba panya ana usonji.

Pale alipoulizwa asilolijua

Fragile X ndicho chanzo cha jeni moja cha usonji kinachofahamika zaidi, ingawa kinahusu asilimia chache tu ya wenye usonji. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 1991, panya wake akapatikana mwaka 1994. Mark Bear wa MIT na wenzake walitoa nadharia safi mwaka 2004: kipokezi kiitwacho mGluR5 kinafanya kazi bila breki. Mwaka 2007 walipopunguza kipokezi hicho kwa nusu, hitilafu nyingi za panya zilirekebika. Kampuni zikamiminika. Arbaklofeni ya Seaside ilisimamishwa mwaka 2013, Novartis ikaachana na mavogluranti mwaka 2014, na basimgluranti ya Roche nayo ikashindwa. Walioitetea nadharia walisema wagonjwa walikuwa wamechelewa, watibiwe wangali wadogo. Jaribio lililofuata kwa watoto wasiofikia umri wa shule, likiambatana na mafunzo ya lugha, halikuleta tofauti.

Oksitosini ilipita njia hiyo hiyo. Panya wasio na jeni ya Cntnap2 walichangamka kijamii walipopewa homoni hiyo, kwa mujibu wa utafiti wa UCLA wa mwaka 2015. Mwaka 2021 jaribio la watoto na vijana 290, waliopuliziwa puani kwa wiki 24, halikuonyesha faida juu ya dawa tupu. Miaka miwili baadaye pigo jingine lilitoka kwa wagugunaji wenyewe: panya wa mbugani wa Amerika Kaskazini, mashuhuri kwa kuishi wawili wawili, waliondolewa kipokezi cha oksitosini na bado waliungana na wenza wao kama kawaida.

Tukirudi kwa bumetanidi tunaona kasoro waziwazi. Panya walitibiwa kupitia mama, kuzunguka siku ya kuzaliwa. Watoto walitibiwa wakiwa na miaka 2 na kuendelea, kwa miezi sita. Hilo si jaribio lile lile kwa kiumbe kingine. Ni jaribio tofauti kabisa. Aidha, panya walikuwa wa aina mbili za chanzo kinachojulikana, Fragile X na valproeti, ilhali watoto waliingizwa kwa kigezo cha utambuzi wa usonji tu, wenye vyanzo vya kila aina.

Hapo ndipo kilipo kiini. Mwaka 2015 Jason Ellegood na wenzake wa Toronto walipiga picha za ubongo za vielelezo 26 vya panya wa usonji. Hawakukuta ubongo mmoja wa usonji. Vielelezo vilijipanga katika makundi matatu, na sehemu iliyovimba katika kimoja ilikuwa imesinyaa katika kingine. Usonji, kwa mtazamo huu, ni kama homa: malaria huileta, taifodi huileta, na kidonge cha malaria hakitamsaidia wa taifodi hata kama vipimajoto vyao vinasoma sawa. Kumpa panya wa jeni moja dawa na kisha kuipeleka kwa watoto wote ni kumvika panya huyo kilemba cha ukoka.

Wenye usonji wanasemaje

Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alitoa hoja iliyotikisa uwanja huu. Alisema kutoelewana kati ya mwenye usonji na asiye nao ni kwa pande mbili. Asiye na usonji naye hushindwa kumsoma mwenzake. Ukiichukua hoja hiyo hadi kwenye sanduku la vyumba vitatu, unaona pengo: panya mmoja hupimwa, mwingine amefunikwa kwa kikombe, na lawama yote humwangukia mmoja.

Wengine huuliza kama kumfanya panya apende wageni zaidi ndilo lengo linalostahili fedha nyingi hivyo, wakati watu wengi wenye usonji wanataka kwanza usingizi, kifafa kidhibitiwe, na tumbo lisilouma. Ni hoja yenye nguvu, na inatuelekeza mahali pazuri. Usingizi, degedege na utumbo ni mambo ambayo panya anayo kwa namna inayokaribia yetu. Huko ushahidi wake una thamani kuliko katika urafiki.

Mbinu mpya zinasaidia kiasi. Kamera zenye programu za kujifunza, kama DeepLabCut ya mwaka 2018, hufuatilia viungo vya panya kadhaa wakiwa huru pamoja kwa siku nyingi, bila vikombe wala saa ya dakika 10. Mwaka 2022 kundi la Sergiu Pașca wa Stanford lilipandikiza tishu ya neva iliyokuzwa kutoka seli za watu katika ubongo wa panya wachanga, ikakua humo na kufanya kazi. Panya hapo haigizi mtu; anatunza seli za mtu ili zichunguzwe.

Yanatuhusu vipi

Mwaka 2006 jarida la kitaalamu lilichapisha maelezo ya watoto 20 kutoka Tanzania. 14 kati yao walitimiza vigezo vya usonji. Watatu walikuwa wamekua vizuri hadi umri wa kati ya miezi 22 na 42, kisha dalili zikaanza walipopona malaria kali iliyoambatana na homa ya muda mrefu na degedege. Watoto watatu hawathibitishi kitu, na waandishi wenyewe walikuwa waangalifu. Lakini ni swali halali, na ni la aina ambayo panya anaweza kulichunguza, kwa kuwa malaria ya ubongo ina kielelezo chake cha panya kinachotumika kwa miaka mingi. Orodha za maabara za Ulaya na Marekani hazikuanza na swali hilo kwa sababu watoto wao ni nadra kuugua malaria.

Jeni nazo zina hadithi hiyo. Orodha zinazoongoza utengenezaji wa panya zimetokana kwa sehemu kubwa na familia zenye asili ya Ulaya. Mradi wa NeuroDev, unaofanyika Kilifi chini ya KEMRI-Wellcome pamoja na Cape Town kwa ushirikiano na Taasisi ya Broad ya Marekani, unakusanya taarifa za watoto wa Kiafrika wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo. Panya wa kesho atatengenezwa kwa orodha ya leo, na asiyekuwamo kwenye orodha hatakuwamo kwenye dawa.

La haraka zaidi ni valproeti. Ni dawa ya kifafa inayotumika katika hospitali zetu. Ushahidi wa madhara yake kwa mimba umetoka kwa panya na kwa watu, na pande zote mbili zinakubaliana. Mwanamke anayeinywa na anayetarajia kupata mtoto azungumze na daktari wake mapema kuhusu dawa mbadala. Asiikatize mwenyewe, kwa sababu kifafa kisichodhibitiwa nacho kinaua.

Hukumu

Panya hana usonji, na hahitaji kuwa nao ili awe na faida. Ametufundisha sinapsi inavyofanya kazi ikikosa kipande kimoja, ametuonyesha kwamba baadhi ya madhara hurekebika ukubwani, na ametusaidia kuelewa hatari ya dawa katika mimba. Hajatupatia dawa ya mawasiliano ya mtoto, na sanduku la vyumba vitatu halitaipata.

Kwa hiyo, msomaji, ukikutana na habari kwamba dawa mpya ya usonji imefaulu, uliza mambo manne kabla ya kuisambaza kwenye kundi la wazazi. Imefaulu kwa nani, panya au watu? Ni kwa chanzo kipi cha usonji? Imerudiwa na maabara ngapi? Na ilitolewa umri gani, kwa kulinganishwa na nini? Ikikosa jibu la hata moja, subiri. Hata dawa zilizopo hazigusi mawasiliano: risperidone na aripiprazole, zilizoidhinishwa na FDA mwaka 2006 na 2009 kwa watoto wenye usonji, ni za kutuliza ghadhabu na vurugu tu, na zote mbili zilizaliwa katika tiba ya skizofrenia. Mafunzo ya lugha, mwalimu aliyeandaliwa na darasa linalompokea mtoto havihitaji kusubiri panya yeyote.